Daftari la baiskeli nne: Pugu, Amboni, Lushoto

Wiki ya kumi kabla ya safari

Daftari hili ni la stoo. Lilibaki na kurasa nyingi nyeupe, na kwa kuwa riziki yangu ni kuandika kilichoingia, kilichotoka na kilichobaki, nimeona nilipe kazi nyumbani. Mradi wenyewe ni huu: watoto wakifunga shule mwezi wa sita tunatoka Dar es Salaam na gari letu, tunakwenda Tanga kuingia mapango ya Amboni, tukitoka huko tunapanda Lushoto kuendesha baiskeli kwenye milima ya Usambara, siku ya saba tunarudi. Watu wanne: mimi, baba watoto, kifunguamimba wetu ambaye ni binti wa miaka 14, na kitindamimba wa miaka 10.

Wazo ni la baba watoto. Alilitoa usiku mmoja umeme umekatika na watoto wamekaa wakiitazama luninga iliyozimika kama vile itawahurumia. Nilikubali kwa sharti moja, kwamba kila atakachosema kuhusu safari hii nitakiandika humu, na chini yake nitaandika kilichotokea. Amesema: "Baiskeli zitagharimu kidogo tu." Imeandikwa.

Iliyopo: baiskeli moja, ya kwake, imekaa miaka miwili nyuma ya simtanki na buibui wamefunga ndoa kwenye spoki. Pungufu: tatu.

Wiki ya tisa

Tumekwenda kwenye baiskeli za mtumba, zile zinazoshuka na makontena kutoka Japani. Nilichojifunza pale, kwa hasara: usitazame rangi. Inua gurudumu ulizungushe, ukodoe macho pale rimu inapopita kati ya mipira ya breki. Ikiyumba kama mlevi, ama spoki zimelegea ama rimu imepinda. Shika pedeli zote mbili uzitikise, zikigonga ujue beringi zimekwisha. Cheni iliyoliwa utaijua kwa kuivuta mbele ya meno ya gia kubwa. Ikiinuka na kuonyesha mwanga chini yake, imerefuka, na usipoibadilisha itaila na gia mpya utakayonunua kesho. Muuzaji aliniapia kwamba gia zote 21 zinaingia. Zilizoingia ni 11.

Tatu kwa shilingi 540,000. Fundi wa chini ya mwembe amechukua 95,000 nyingine kwa waya za breki, mipira yake, cheni moja, tyubu sita za akiba na grisi. Kwa hiyo "kidogo tu" ni 635,000.

Watoto wamezipa majina. Ya baba yao ni Punda, kwa uzito. Yangu ni Mkonge, kwa sababu ni ya kijani na kiti chake kinachoma. Ya binti ni Kibiriti. Ya kitindamimba inaitwa Kasuku, maana amefunga kimita cha kuhesabu kilomita kwenye usukani, na kila dakika anatutangazia tarakimu.

Wiki ya saba

Kuendesha sote tunajua. Gia hakuna aliyekuwa anazijua, hata mwenye Punda, ambaye miaka yote amekuwa akitumia moja tu na kujisifu nayo. Jioni tunakwenda uwanja wa shule ya jirani. Kanuni tuliyobandika kwenye friji ni fupi: mlimani ndogo mbele, kubwa nyuma, na badilisha kabla mlima haujakushika. Ukishakwama katikati ya mpando huku umekanyaga pedeli kwa uzito wako wote, cheni haina nafasi ya kuhama. Italia, itaruka, au itakatika. Yangu imetoka mara tatu leo. Kifunguamimba ameelewa siku moja, sasa ananifundisha kwa sauti ile ile ninayomfundishia kukuna nazi.

Wiki ya tano: Pugu

Jaribio la kwanza la mlima na giza kwa pamoja. Tumeshusha baiskeli Pugu Kajungeni, tukafuata njia ya vumbi kwenye msitu wa hifadhi. Vilima vya Pugu si virefu, lakini kwa miguu iliyozoea ngazi za daladala vinatosha.

Lengo lilikuwa machimbo ya zamani ya kaolini, ule udongo mweupe unaotumika kwenye vyombo vya kauri na karatasi. Mahandaki yaliyoachwa na wachimbaji wameyarithi popo. Tuliuliza njia. Mzee mmoja akasema, "Hapo tu." Tukaendesha, tukauliza tena, mama mmoja akasema, "Aa, mmeshafika, hapo tu." Baada ya "hapo tu" ya tatu kitindamimba alitoa kalamu, akaanza kuandika kilomita za kila "hapo tu". Jedwali hilo liko ukurasa wa mwisho wa daftari hili na linaendelea.

Mlangoni mwa handaki harufu ya kinyesi cha popo inapanda puani kama dawa ya choo. Tulisogea hatua chache, tochi mbili kati ya nne zikagoma, nikatoa amri ya kurudi. Katika stoo yangu tochi isiyo na betri haihesabiwi kuwa tochi.

Kurudi, mbigili. Magurudumu matano kati ya manane yametobolewa. Tulijaza beseni la mama ntilie maji, tukazamisha tyubu, tukatafuta mapovu, tukapiga msasa, solusheni, tukasubiri ikauke (hapa ndipo baba watoto hukosa subira, na hapa ndipo viraka vyake hubanduka), kisha kiraka. Kabla ya kurudisha tyubu ni lazima upitishe vidole ndani ya tairi kutafuta mwiba uliobaki. Hatukufanya hivyo kwa ile ya kwanza, tukaiziba mara mbili.

Nyongeza, siku ya pili yake: kimita cha Kasuku kilikuwa kinadanganya. Kilipangwa kwa gurudumu kubwa la mzunguko wa mita 2.1. Tumeweka alama ya chaki kwenye tairi, tukaizungusha mara moja sakafuni, tukapima: mita 1.91. Kwa hiyo zile kilomita 14 tulizojisifia kwa majirani zilikuwa kama 12 na robo tatu. Kitindamimba amenyong'onyea, kisha akarudi kusahihisha jedwali lake lote kwa kalamu nyekundu. Huyu ni wangu kabisa.

Wiki ya pili

Keria ya nyuma ya gari imechomelewa. Baba watoto amesema: "Hata tukifika Kampala haitikisiki." Imeandikwa.

Nimefunga boksi la dharura: tyubu sita, solusheni mbili, vijiti vya kutolea tairi, pampu ya kuazima kwa jirani, funguo za nati, kipande cha cheni, waya wa breki, betri kumi na mbili, plasta, spiriti, chumvi na sukari ya kuchanganya maji. Makoti sikuweka. Juni ni Juni, nilisema. Hili nalo limeandikwa, kwa mwandiko wa binti.

Siku ya kwanza: Dar es Salaam hadi Tanga

Tumeondoka saa kumi na moja alfajiri, njia ya Bagamoyo hadi Msata ili kukwepa foleni ya Chalinze. Keria haikutikisika, hilo nakiri. Lakini kabla ya Wami trafiki alitusimamisha, akazunguka nyuma taratibu, akaniuliza kwa upole mkubwa, "Mama, gari lako linaitwa nani?" Kibiriti ilikuwa imeziba namba yote na taa moja ya breki. Hakuwa na kosa hata chembe. Tulifungua Kibiriti, tukatoa magurudumu, tukaiingiza ndani kati ya watoto, na kitindamimba amesafiri hadi Tanga pedeli ikimchokonoa mbavu.

Mbwewe, Mkata, Kabuku, kila kijiji kibao cha 50, na sisi kila kibao tumekiheshimu baada ya kuonja upole ule. Segera tukakata kulia. Kuanzia hapo mashamba ya mkonge na michungwa ya Muheza, ambayo tumeinunua kwa ndoo.

Tumefikia kwa mama mkubwa, Ngamiani. Ametupokea kwa mikono miwili na methali ya kwao, "waja leo waondoka leo", akaongeza kwamba kwetu sisi haitatumika, tutakaa. Alipoziona baiskeli amecheka. Tanga kila nyumba ina baiskeli, mji tambarare, hata shehe anakwenda nayo msikitini. Kilichomchekesha ni kwamba za kwetu hazina keria. "Sasa mwanangu, hii yabeba nini?"

Usiku akawasimulia watoto habari za Amboni. Kwamba pango lile halina mwisho, kwamba zamani kuku aliingizwa akaja kuonekana Mombasa. "Mkitokea huko mnisalimie wifi yangu Likoni." Kitindamimba akauliza ni kilomita ngapi. Mama mkubwa akafikiri. "Hapo tu."

Siku ya pili: Amboni

Tumekwenda kwa baiskeli. Mapango yako kama kilomita 8 kaskazini mwa jiji, kwenye njia ya Horohoro, kisha unachepuka kuingia Kiomoni. Kutoka Ngamiani kimita kimesoma 10.6. Njia ni tambarare, kwa hiyo nikasahau gia na nikafurahia upepo. Tulipunguza upepo wa matairi kidogo tulipoacha lami, maana tairi lililojaa sana kwenye kokoto linadunda kama mpira.

Sikujua kama nitaingia. Mimi sipendi lifti, sembuse tumbo la mwamba. Mwongozaji, kijana mpole, alinitazama mara moja akajua, akaniweka nyuma yake hasa ili nishike mkoba wake. Ndani hewa ni nzito, ya vuguvugu, na sauti yako inarudi imekuwa nene. Kuna mahali dari iko juu kama msikiti, halafu hatua ishirini mbele unainama, halafu unatambaa. Mahali pa kutambaa nilisema sitatambaa. Kisha nikatazama nyuma nikaona kwamba kurudi peke yangu ni vibaya zaidi. Nimetambaa.

Mwongozaji anamulika ukutani, anauliza, "Mnaona nini?" Meli. Mamba. Kiti. Baba watoto kila kitu ni ramani ya Afrika. Ni mawe ya chokaa yaliyochongwa na maji tu, lakini ukishaambiwa mamba huwezi tena kuona kisichokuwa mamba.

Hapa binti yangu alinishangaza. Mwongozaji alisema miamba hii ni ya kipindi cha Jura, kama miaka milioni 150 iliyopita, na kwamba huku kulikuwa chini ya bahari. Binti akadakia. Yuko kidato cha pili, jiografia anaipenda. Alimweleza mdogo wake kwamba chokaa ni maganda na mifupa ya viumbe vya bahari iliyoshindiliwa, na kwamba mvua ikipita hewani na kwenye udongo inachukua kaboni dayoksaidi na kuwa tindikali dhaifu. "Unakumbuka lile limau lililomwagika kwenye sakafu ya jikoni, likaacha doa jeupe? Ndivyo. Ila kwa mamilioni ya miaka." Maji yakipita kwenye nyufa yanaila chokaa na kupanua nyufa kuwa vyumba. Baadaye, tone linaloning'inia darini linaacha punje ya chokaa kabla ya kudondoka, na punje kwa punje linashuka jiwe kama chuchu ya ng'ombe. Chini ya milimita moja kwa mwaka. Kitindamimba akaanza kugawanya kwa vidole, akanyamaza. Lile doa la limau nililogombeza watu mwaka jana sasa lina heshima nyumbani kwetu.

Kuna chumba cha mizimu. Vitambaa, chupa za marashi, sarafu, majivu ya ubani. Watu wa huku, Wadigo, Wasegeju, Wabondei, Wasambaa, wamekuwa wakija kumwomba mzimu wa Mabavu tangu enzi, na wengine wanakuja mpaka leo, hasa wanaotafuta mtoto. Mwongozaji alishusha sauti, nasi tukashusha. Baba watoto, ambaye si mtu wa mizimu, alivua kofia. Sikumuuliza.

Habari za Osale Otango nazo zilisimuliwa. Alikuwa mtoro aliyesakwa na polisi wa mkoloni miaka ya 1950, na mapango haya yalimficha. Kuna wanaomwita jambazi na kuna wanaosema aliwaibia wenye mashamba na kuwapa maskini. Mwongozaji wetu alisimulia yote mawili kwa uso mmoja.

Kisha likaja lile la mama mkubwa. Mwongozaji akasimulia toleo lake: Wazungu wawili waliingia na mbwa, hawakutoka, mbwa akaonekana Kilimanjaro. Akasubiri tumalize kushangaa ndipo akasema kwamba mwaka 1994 wataalamu wa Kijerumani na Kituruki walipima. Mapango ni kumi, wageni wanaingizwa moja tu, na lililo refu kuliko yote ni kama mita 900. Mia tisa. Si hata kilomita. Kitindamimba alikuwa anahesabu hatua tangu mlangoni ili kuthibitisha Mombasa. Alifika 261, popo akampita sikioni, hesabu ikapotea. Alisikia ile 900 na uso wake ukawa kama siku ya kimita. Tulipotoka juani akaniuliza, "Kwa hiyo bibi ni muongo?" Nilimwambia bibi hakuwa na kimita. Jibu hilo halikunitosheleza hata mimi, naliandika tu kwa kuwa ndilo nililotoa.

Jioni alimweleza bibi yake kwa adabu, mita 900 tu. Mama mkubwa akamwongezea wali. "Hao walipima palipo na njia ya Mzungu kupita," akasema. "Kuku ni mwembamba."

Siku ya tatu: Tanga hadi Lushoto

Nusu siku ya gari. Segera, Korogwe, Mombo, na kutoka Korogwe Usambara inakuandama mkono wa kulia kama ukuta. Mombo unakata kulia na barabara inaanza kupanda, kilomita 33 hivi za kona juu ya korongo, na mabasi yanapiga honi kabla hayajaonekana. Nimefunga macho mara kadhaa, mimi ambaye siendeshi. Soni watoto wanauza peasi na plamsi kwenye vikapu vidogo. Lushoto tumefika jua linazama.

Baridi. Sina zaidi ya hapo la kuandika, isipokuwa kwamba tumenunua masweta manne ya mtumba sokoni, shilingi 28,000, na binti ameomba kalamu aiandike hesabu hiyo mwenyewe chini ya "Juni ni Juni".

Siku ya nne: Irente

Kutoka mjini kwenda Irente unapita Yoghoi, njia ya vumbi jekundu kati ya migomba, mahindi na mikaratusi. Kila tuliyemuuliza alituambia hapo tu. Mpando si mkali lakini haukomi. Hapa gia zimelipa. Ndogo mbele, kubwa nyuma, miguu inazunguka upesi, baiskeli inakwenda polepole hata kipepeo anakupita, lakini huteremki kusukuma. Baba watoto na Punda wake walituacha mwanzoni. Tuliwakuta mbele kidogo wamekaa chini ya mti, wote wawili wakihema. Alikuwa amerudi kwenye gia yake moja ya zamani.

Wakulima wanashuka na mizigo ya kabichi na karoti kichwani, kwa mwendo ule ule tunaopandia sisi tusio na mzigo. Bibi mmoja alitupita. Nasema alitupita, akipanda, na kuni. Akatupa pole.

Ukifika ukingoni ardhi inakwisha. Chini, karibu mita elfu, mashamba ya mkonge yamechorwa mistari, na Mazinde ni vibati vinavyometa, kisha mbuga hadi macho yanapochoka. Hatukusema kitu kwa muda. Kitindamimba alitaka kudondosha jiwe ahesabu sekunde, nikamkatalia, huko chini kuna watu. Tumekula mkate wa ngano nyeusi na jibini ya shamba la Irente. Jibini watoto hawakuitaka, nimeila yote.

Kimita: kilomita 5.8 kwenda. Ndiyo "hapo tu" ndefu kuliko zote mpaka sasa, na ile fupi ilikuwa mita 300. Kitindamimba ametafuta wastani, akasema hauna maana. Nimekubali, takwimu za namna hiyo tunazo hata kazini.

Siku ya tano: Magamba

Siku ngumu na siku nzuri. Tulipanda kwa gari hadi ukingo wa msitu wa hifadhi wa Magamba, tukachukua mwongozaji na vibali, tukaingia na baiskeli kwenye njia za zamani za kubebea magogo. Usiku kulinyunya. Udongo mwekundu ukilowa unakuwa sabuni juu na gundi chini: tairi linateleza, na tope linajaa kati ya tairi na breki mpaka gurudumu linagoma kuzunguka. Tumepunguza upepo zaidi, paundi kama 30, tairi lipate kuikumbatia njia. Kushuka, mwongozaji alitufundisha kukaa nyuma ya kiti, magoti yalegee, kubonyeza breki zote mbili kidogokidogo, ya mbele kwa adabu zaidi. Kifunguamimba aliikosea adabu ile ya mbele mara moja tu. Akapita juu ya usukani, akatua kwenye majani, akainuka akicheka, mimi nikiwa ndiye ninayelia. Goti, plasta mbili, spiriti. Boksi limejilipa.

Msitu wenyewe ni wa ukungu, miti imevaa ndevu za kuvumwani. Mbega walitupita juu, mikia meupe kama vitambaa vinavyoanikwa. Tulionyeshwa na handaki ambalo wenyeji wanasema lilichimbwa na Wajerumani. Limechimbwa kwa mikono ya watu, unaona wazi, si kazi ya maji. Kitindamimba akauliza kwa nini milima yote hii mikubwa haina pango kama Amboni na pale pwani pasipo na mlima lipo. Mwongozaji akasema mwamba wa Usambara ni wa zamani mno na mgumu, ulipikwa na kukandwa chini ya ardhi, mvua inaupasua na kuumegua lakini haiuyeyushi kama chokaa. "Limau kwenye chuma," akasema kitindamimba. Binti alimtazama kwa kijicho.

Binti naye ana lake. Alisoma mahali kwamba ua lile dogo la zambarau linalowekwa madirishani Ulaya asili yake ni huku. Mwaka 1892 ofisa wa Kijerumani wa Tanga, Walter von Saint Paul-Illaire, alilipeleka kwao, na mwaka uliofuata likapewa jina la Saintpaulia kwa heshima ya ukoo wake. Ofisa huyo alisema amelikuta sehemu mbili: kwenye nyufa za miamba ya chokaa karibu na Tanga, na kwenye msitu wa Usambara. Yaani njia yetu sisi. Amboni binti alitafuta hakuliona. Magamba alipiga magoti kwenye kila jiwe lenye kivuli. Jioni aliona majani manene yenye manyoya mafupi chini ya mwamba unaodondosha maji, bila ua. Mwongozaji akasema inaweza kuwa ndiyo, inaweza isiwe. Binti amelichora ubavuni mwa ukurasa huu, na alama ya kuuliza.

Mkonge umekatika cheni kilomita mbili kabla ya gari. Nilibadilisha gia katikati ya mpando. Kanuni iko kwenye friji, na friji iko Dar es Salaam.

Siku ya sita: kushuka Soni

Ugomvi wa asubuhi. Baba watoto alitaka tushuke kwa baiskeli mpaka Mombo. Amesema: "Ni kushuka tu, hata kukanyaga hukanyagi." Imeandikwa. Nilisema mwisho Soni, kama kilomita 15, kwa sababu kutoka Soni kwenda chini ndipo barabara inapochongoka, haina pembeni pa kukimbilia, na basi likija konani halina pa kumweka mtoto wa miaka 10. Kila mmoja alikaa na uji wake.

Tukakubaliana Soni. Mmoja anaendesha gari nyuma, taa zinawaka, watatu mbele kwa mstari. Zamu ya gari ikamwangukia yeye, kwa kura ambayo sitaeleza ilivyopigwa. Hewa ya asubuhi, moshi wa jikoni, mto upande mmoja, watoto wa njiani wanakimbia nasi na kuuliza jina la kila baiskeli. Nilipiga kelele ya furaha kwenye kona moja, naamini hakuna aliyesikia.

Maporomoko ya Soni tulikagua breki. Mipira ya nyuma ya Kasuku ilikuwa mipya Dar es Salaam, sasa imebaki unene wa ukucha: tope la Magamba liliigeuza msasa, na leo imemaliziwa. Rimu ya Kibiriti haigusiki kwa moto. Baba watoto alishika, akaondoa kidole, akanyamaza, akaanza kufunga baiskeli kwenye keria bila kuambiwa. Tumelala Korogwe.

Siku ya saba: kurudi

Namba ya gari ilionekana vizuri njia nzima na hakuna trafiki aliyetusimamisha. Mama mkubwa amepiga simu tukiwa Msata kuuliza kama tumefika. Kitindamimba amemwambia, "Hapo tu, bibi."

Hesabu ya mwisho. Kilomita za baiskeli, kwa kimita kilichosahihishwa: 71.4, Pugu ikiwemo. Matobo: tisa. Tyubu zilizobaki: moja. Cheni zilizokatika: moja. Walioanguka: mmoja rasmi, na mmoja ambaye anadai aliteremka. Tochi zilizopelekwa: nne, zilizorudi: tatu. Hiyo ya nne iko Amboni, mahali pa kutambaa, ilinitoka nikishika mkoba wa mwongozaji kwa mikono miwili.

Yaliyobaki kufanywa: mipira ya breki ya Kasuku na Kibiriti, cheni mpya ya Mkonge, keria ishushwe sentimita 20 ili namba ionekane hata baiskeli zote nne zikiwa juu. Binti anataka twende msitu wa Amani mwakani kulitafuta ua lake. Baba watoto amesema Amani si mbali na Muheza, imeandikwa. Na jirani ameshauliza mara mbili habari ya pampu yake, ambayo nimeitafuta ndani ya gari lote na sasa naanza kushuku kwamba iko Magamba.